Shimo la Mti wa Mgeni

Mimi ni mtoto wa kota. Nilizaliwa na kukulia katika nyumba za askari huko Mbale, safu ndefu ya vyumba viwili viwili chini ya paa moja la bati, na Kiswahili ndiyo lugha niliyogombezwa nayo kabla sijajua nyingine. Waganda wengi wakisikia Kiswahili wanakumbuka bunduki. Mimi nakumbuka ukaguzi.

Ukaguzi ulikuwa Jumamosi asubuhi. Afande mkubwa alipita na fimbo kwapani, akachungulia chini ya vitanda, akapitisha kidole juu ya fremu za madirisha, na sisi watoto tulipangwa nje mikono mbele ili aone makucha. Kabla hajafika, akina mama walikuwa wameshasugua kila kinachosugulika. Mawe ya kando ya njia yalipakwa chokaa. Uwanja ulifagiwa mpaka alama za fagio zikakaa kama nywele zilizotoka kuchanwa. Baba yangu, ambaye sijawahi kumwona akiogopa jambazi, alitokwa jasho kwa sababu ya sufuria moja yenye masizi.

Takataka zote zilimwagwa nyuma, kwenye mteremko unaoshuka kijitoni. Afande hakuwahi kufika huko. Viatu vyake vilikuwa vinang'aa mno kwa safari hiyo. Na huko nyuma ndiko sisi watoto tulikocheza wiki nzima, kwa kuwa uwanja wa mbele ulikuwa umefagiwa na haukanyagwi. Miguu yetu haikuisha vidonda. Mama alitupaka ile dawa ya zambarau, tukarudi kule kule kucheza. Hakuna mtu mzima hata mmoja aliyesema mahali hapa pachafu, kwa sababu afande alikuwa ameshasema ni pasafi.

Nilidhani mambo hayo yalibaki Mbale na utoto wangu. Sasa ninaishi Jinja, Walukuba, katika mojawapo ya zile nyumba za zamani zilizojengewa wafanyakazi wa viwanda. Mume wangu ni Mkenya, dereva wa lori kwenye barabara ya Malaba, na yuko nyumbani pale tu mzigo unapompitisha nyumbani. Mimi nashona sare za shule. Tuna binti mmoja, ana miaka minane, yuko darasa la tatu, ana maneno mengi kuliko mama yake, na ana pumu.

Shule yake iko karibu kiasi kwamba nikiwa kwenye cherehani nasikia kengele. Ni shule nzuri, nisiseme uongo. Walimu wanaingia darasani, uji unapikwa, na mwalimu mkuu ni mama mchapakazi anayejua kila mzazi na shida zake. Tena ndiye mteja wangu mkubwa, maana sare za shule nzima zinapita mikononi mwangu. Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani nilikuwa na kisa naye.

Lakini kila Ijumaa, baada ya uji wa mchana, shule hufanya usafi. Kila mtoto huja na fagio lake kutoka kwao. Wanafagia madarasa, wanafagia uwanja, wanaokota chupa za plastiki, makaratasi, kandambili zilizokatika, vipande vya magodoro vinavyopeperuka kutoka mitaani, na kavera, ile mifuko ya plastiki ambayo siku hizi tunafungiwa hata chumvi ya kijiko kimoja. Vyote vinapelekwa nyuma ya darasa la tatu, kwenye shimo, na askari wa shule anawasha kiberiti. Moshi huo si wa kuni. Ni mweusi, ni mzito, na unakaa kooni mpaka kesho yake. Dirisha la darasa la tatu halina kioo. Watoto wa upande ule wamejifunza kuliziba kwa sweta zao.

Basi kila Ijumaa binti yangu alirudi nyumbani kifua kikipiga miluzi. Jumamosi analala. Jumapili anakaa kitako kanisani wenzake wakiimba. Jumatatu anaanza kuwa mtoto tena, na Ijumaa hiyo inakuja. Nesi wa zahanati tunayokwenda kule Nalufenya alimsikiliza mgongo, akanitazama mimi badala ya mtoto, akasema, "Maama, hii dawa nitakupa kila siku. Lakini kama hamtoi mtoto kwa moshi, tunacheza tu."

Likizo nilimpeleka kwa mama yangu. Mama alibaki Mbale baada ya baba kufariki, anapanga nyumba ndogo Nabuyonga, yenye kauwanja nyuma na ndizi chache. Maganda yake anampa mbuzi wa jirani, majani makavu anayarundika chini ya migomba, na kavera anazifua, akazianika kwenye kamba pamoja na nguo, akazitumia tena mpaka zichoke kabisa. Majirani wanamcheka. Mtoto alikaa kule likizo nzima, na ile inhela yake, kichupa cha dawa ya kuvuta kwa mdomo, ilirudi Jinja karibu imejaa kama ilivyokwenda. Nilipofika kumchukua, nilimkuta anakimbizana na kuku. Nilisimama langoni nikamwangalia akikimbia, kwa kuwa nilikuwa sijamwona akikimbia kwa muda mrefu.

Mama aliniambia, "Huyu mtoto wacha hapa. Huku anapumua."

"Mama, ana kwao. Ana shule yake."

"Kwao ni wapi? Kwao ni pale anapumua."

Nilikasirika, na sikujua namkasirikia nani. Mama alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniuma. Mtoto ana mama, ana baba, ana kitanda chake na marafiki zake, halafu shimo la taka ndilo limwamulie akalale mji gani? Nilimfunga viatu nikarudi naye Jinja.

Wiki hiyo hiyo nilikwenda kwa mwalimu mkuu. Alinipokea vizuri, akaniwekea kiti, na kwa kuwa anajua mimi ni mtoto wa kota, akazungumza nami kwa Kiswahili chake cha shida. Nikamweleza yote, mpaka maneno ya nesi.

"Nyabo, mimi naelewa," alisema, akiniita mama kwa Kiganda. "Lakini lori ya taka inakuja ikipata mafuta. Tukiacha kuchoma, panya inaingia, nyoka inaingia. Wakaguzi wanakuja wanapata uchafu, wanaandika sisi ni wachafu. Mimi nafanya nini?"

"Na binti yangu?"

"Akae kando kidogo na moshi."

"Darasa lake ndilo liko kando ya moshi, mwalimu."

Akafikiri kidogo, kisha akasema kwa upole kabisa, "Atazoea."

Atazoea! Nilitoka pale nikiwa sioni njia. Watu wanazoea chumvi kidogo, wanazoea mume asiyekuwepo nyumbani. Tangu lini mapafu ya mtoto yakazoea plastiki? Nilimkuta askari wa shule langoni, mzee wa kaskazini aliyestaafu jeshi, nikammalizia hasira zote ambazo sikuweza kummalizia bosi wake. Alinisikiliza amesimama wima.

"Mama," alisema, "mimi nasema nini? Waliniambia choma. Nachoma. Wakisema wacha, nawacha."

Sikumlaumu. Niliijua sauti hiyo tangu utotoni.

Kisha ikaja habari ya mgeni. Shule yetu ilichaguliwa kufanyiwa sherehe ya siku ya mazingira, na mgeni rasmi angekuwa mkubwa fulani, wa kuja na gari lenye bendera. Mada ya sherehe ilikuwa haki ya mtoto kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Na nani aliyechaguliwa kusimama mbele kutamka shairi? Binti yangu, kwa sababu hakuna mwenye sauti kama yake siku kifua kinapomruhusu. Shairi lilikuwa la Kiingereza, lakini jioni alimtafsiria baba yake kwenye simu: mimi ni mtoto, hewa safi ni haki yangu, mheshimiwa nisikie. Baba yake, akiwa huko Malaba kwenye foleni ya malori, alicheka kwa furaha. "Wacha weee! Huyu atakuwa wakili. Mwambie asimeze maneno."

Sasa nisikilizeni. Ili mgeni akute pasafi, shule ilifanya usafi kila siku wiki hiyo. Na usafi ni kuchoma. Jumatatu walichoma, Jumanne walichoma, Jumatano walichoma mpaka magodoro yaliyooza ya bweni la zamani. Walikuwa wanawafukiza watoto ili watoto wapate kumwambia mgeni kwamba wana haki ya hewa safi. Binti yangu alifanya mazoezi ya shairi na inhela ndani ya soksi. Mstari mmoja, pumzi moja ya dawa, mstari mwingine. Mwalimu wake alimsifu kwa kujituma.

Nilitaka kumtoa. Nilifika mpaka mlangoni kwa mwalimu mkuu kumwambia binti yangu hasemi shairi lolote. Mtoto alilia kwa kwikwi, na kwikwi zile zikamletea miluzi, nikaona nikimzuia nitamuua mimi kabla ya moshi. Nikanyamaza. Lakini mtoto wa kota hanyamazi akiwa hana la kufanya, ananyamaza akipanga.

Wazazi tuliitwa kugawana kazi. Mmoja akachukua mahema, mwingine viti, mwingine soda, mwingine maua ya meza kuu. Mwisho ikabaki kazi ambayo haina mwenyewe: shimo la mti. Kila mgeni rasmi ajaye kwetu lazima apande mti. Hilo ni kama kusalimia. Na shule yetu ina shimo lake la siku zote, mbele, karibu na mlingoti wa bendera. Mgeni anapanda, anapigwa picha, anaondoka. Hakuna anayemwagilia. Mti unakauka, mgeni mwingine anakuja, wanang'oa kijiti kile, wanapanda mwingine mle mle. Udongo wa shimo lile umekuwa laini kwa kupokea wageni.

"Mimi nitashughulikia shimo," nilisema. Wazazi wenzangu wakacheka. Mmoja akaniuliza kama cherehani imekataa kufanya kazi.

Nilimfuata yule askari, nikamwonyesha ninapotaka. Nyuma. Hatua chache kutoka shimo la kuchomea, chini ya dirisha la darasa la tatu. Alitazama, akanitazama.

"Shimo hii, huku? Mgeni atafika huku?"

"Mti uko huku, afande. Mgeni atafuata mti."

Akaelewa. Aliuficha uso wake, lakini mabega yalikuwa yanacheka. Akachimba shimo zuri, refu, pana, la mtu anayejua kuchimba handaki. La mbele akalifukia na kulishindilia. Mimi hesabu yangu ilikuwa nyepesi: afande wa utotoni kwetu hakuona uchafu kwa sababu hakuna aliyempa sababu ya kwenda nyuma. Huyu nitampa sababu. Atapita kando ya yale majivu na chupa zilizoyeyuka, ataona dirisha na sweta zake, atasikia harufu. Na akishaona, mbele ya wapiga picha, atasemaje kwamba hakuona?

Alhamisi, siku ya sherehe, hakuna aliyechoma kitu. Moshi haumpokei mgeni. Mawe yalipakwa chokaa, nikayatazama mawe yale nikahisi nimerudi kota. Asubuhi binti yangu alivaa sare niliyomshonea upya, akanywa chai, akatoka anaruka. Alipofika zamu yake alisimama mbele ya mahema akatamka shairi zima bila kukohoa, bila kugusa soksi, mikono ikiruka huku na huku. Watu walisimama. Mgeni alimwita mbele akampa mkono na chupa ya soda. Nisiseme uongo, nilifurahi mpaka nikasahau nimekasirika.

Mgeni akahutubia. Alisema katiba inampa kila raia haki ya mazingira safi na yenye afya, na mtoto kwanza. Aliongea vizuri sana. Kisha mshereheshaji akatangaza kwamba sasa mheshimiwa atapanda mti.

Mwalimu mkuu aliangalia kwenye mlingoti, hakuona shimo. Akamwangalia askari. Askari akanyoosha kidole nyuma ya madarasa. Nilimwona yule mama akipata baridi juani. Akanong'ona na watu wawili, wakakimbia jikoni, na mara wakatokea na beseni, lile la kuoshea vikombe vya uji, limejaa udongo. Wakaliweka mbele ya meza kuu, juu ya zulia. Mgeni akainama, akachomeka mche ndani ya beseni, akamiminia maji ya chupa. Picha zikapigwa. Watu wakapiga makofi.

Nilisimama. Sikupanga, miguu ilisimama yenyewe.

"Mheshimiwa," nilisema kwa sauti, "shimo la mti liko. Liko nyuma, kwenye darasa la mtoto aliyekusomea shairi. Twende ukaone."

Mgeni alinitafuta kwa macho, akaniona, akatabasamu tabasamu la mtu aliyezoea akina mama kusimama mikutanoni.

"Asante sana, mama," alisema. "Tumefurahi. Hii ya kupanda, watoto watamalizia."

Akatazama saa, akatazama viatu vyake, akaenda kwenye gari. Mimi nilivitazama viatu hivyo mpaka mlango ukafungwa. Vilikuwa vinang'aa.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa kwenye cherehani, na harufu ndiyo iliyoniambia. Ilikuwa nzito kuliko siku zote. Niliacha sketi ya mtu nusu chini ya sindano, nikakimbia. Sherehe ilikuwa imeacha taka ambazo shule haijawahi kuwa nazo: chupa za maji, chupa za soda, sahani za plastiki, maua ya plastiki ya meza kuu, mapulizo, vitambaa vya nailoni. Lile shimo la zamani lilikuwa limejaa tangu siku zile za usafi. Vyote vilikuwa vinaungua ndani ya shimo langu, chini ya dirisha la darasa la tatu.

Mwalimu mkuu alinikuta nimesimama pale. Nilidhani atanifukuza kwa yale ya jana. Hapana. Alinishika mkono.

"Nyabo, jana uliniaibisha, lakini nimesamehe. Na hii shimo umetusaidia sana. Ile ingine ilijaa."

Askari hakunitazama. Alisema taratibu, kama anayejiambia mwenyewe, "Ni nzuri. Inaingia mingi."

Mwalimu wa darasa la tatu alitoka mlangoni amembeba binti yangu, midomo yake imebadilika rangi. Bodaboda ilitupeleka Nalufenya, mimi nyuma nimemkumbatia, nikimwambia pumua, pumua, kana kwamba amesahau kwa uzembe. Nesi alimvalisha ile barakoa ya mashine ya mvuke, tukakaa. Mche wa mgeni, baadaye nilisikia, ulibaki ndani ya beseni mpaka wapishi walipolihitaji beseni lao.

Siku chache baadaye, kifua kilipotulia, nilimfungia nguo zake. Sikutaka. Naandika hivi ili ieleweke kwamba sikutaka. Sikuhamisha mtoto kwa sababu ya vita wala mafuriko. Nilimhamisha kwa sababu watu wazima wa mji wangu, pamoja nami na shimo langu, tulishindwa kumpa mtoto mmoja hewa ya kuvuta darasani, na wala hakuna aliyeona aibu. Kama hilo si kosa la kushtakiwa, basi sijui makosa yanaandikwa ya nini.

Mama yangu alitupokea Nabuyonga bila kusema nilikwambia. Alikuwa ameshatandika kitanda. Mtoto alikwenda kuwasalimia kuku, akarudi, akanikuta naaga langoni. Hakulia. Alikuwa na swali, na alikuwa amelipanga kwa makini kama shairi lake.

"Mama, yule mgeni akija tena, utakuja kunichukua?"

Nilidhani anataka soda, au kusoma shairi tena. Nikamuuliza kwa nini.

"Kwa sababu siku ile hawakuchoma," alisema. "Siku akija, naweza kulala nyumbani."